Asubuhi ya Barafu kwenye Njia ya Juu

Mvua za kwanza za vuli sikuzipenda hata siku moja, na sitaanza kuzipenda leo eti kwa kuwa nimezeeka. Mkulima akiona wingu jeusi anamshukuru Mungu, na mimi ni binti wa mkulima, nalijua hilo. Lakini sisi wanawake tulioishi kwenye ule mlima wa dhahabu jirani na Kewanja, miaka ile kabla uzio wa mgodi mkubwa haujafika, wingu likijikusanya tulikuwa tunaangalia nani wetu yuko juu ya ardhi na nani yuko chini.

Mimi si mtu wa pale. Nilizaliwa Machochwe, ng'ambo ya Mto Mara, ambako watu wakiamka kwanza wanaangalia kama tembo wamepita shambani. Niliolewa na Mkurya wa Nyamongo, kijana mrefu, mchache wa maneno, mbishi kupindukia. Alikuja kwetu na ng'ombe akaondoka na mimi, na baba yangu mpaka anakufa alikuwa anasema ng'ombe wale walikuwa wazuri. Wakati huo dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Walimu waliacha chaki, wavuvi waliacha ziwa, vijana waliuza mafahali wa baba zao wanunue kamba na tindo. Mume wangu naye akamwachia mdogo wake mifugo, akaingia shimoni.

Shimo la kuchimbia dhahabu tunaliita duara. Mlima ule ulikuwa na maduara kila mahali, na njia tatu za kuyafikia: ya chini, ya kati na ya juu. Njia ya chini ilikuwa na mawe ya kubahatisha. Ya kati ilikuwa afadhali. Ya juu ndiyo iliyokwenda kwenye duara lenyewe, lile refu, ambalo kila mwanamume aliyekuja pale na mfuko wake begani alikuwa anaota kuliingia.

Kwenye mdomo wa kila njia palikuwa na tawi kubwa la mgunga. Wakurya wanafunga zizi la ng'ombe kwa miiba jioni, na njia zile nazo zilifungwa vivyo hivyo mvua ikianza. Tawi likilazwa njiani, hakuna anayepanda. Likisogezwa pembeni, njia iko wazi. Hapakuwa na mlinzi wala kufuli, na sikuwahi kumwona mwanamume akiruka mwiba ule, hata aliyelewa chang'aa.

Mwenye kulaza na kusogeza miiba alikuwa baba mkwe wangu.

Alikuwa mchimbaji tangu ujana wake, na mguu wake mmoja aliuvunjia humo humo mlimani. Kila asubuhi ya msimu wa mvua alipanda na fimbo yake, akifika kwenye duara anafunga kishungi cha nyasi kavu na jiwe kwenye ncha ya kamba, anakishusha mpaka chini kabisa, anasubiri, anakivuta. Halafu anakikamua kiganjani. Nyasi zikirudi na maji, anashuka zake bila kusema neno. Zikirudi kavu, anashusha koroboi iliyowashwa ili ajue kama hewa ipo. Koroboi isipozimika, anateremka kwa mwendo wake wa kuchechemea na kusogeza mwiba. Alianzia chini daima. Njia ya chini ikifunguliwa leo, ya kati itasubiri, na ya juu itasubiri zaidi, maana duara refu hukusanya maji ya wenzake.

Mimi nilikuwa napika uji na mandazi pale chini, mlima unapoanzia, na habari za njia ndizo zilikuwa salamu zetu. Mtu akifika, kabla hajashika kikombe, anauliza ipi imefunguliwa. Anajibiwa: ya chini ipo, ya kati bado ina matope, ya juu mzee hajasema kitu. Anaguna, anakunywa uji wake, anakaa. Mwaka huo walikuwa wamekaa sana. Mvua zilikuwa zimewahi, wanaume wanacheza bao tangu asubuhi, na ukiwaona walivyokuwa wanautazama ule mlima ungedhani umewanyang'anya kitu.

Kwenye duka la mwenye duara la juu palikuwa na kalenda ya zamani ukutani. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara Mwislamu kutoka Tarime mjini, mtu wa nasaba ya pwani, mpole, Kiswahili chake kinateleza mpaka sisi wa bara tunaona haya kufungua midomo. Kalenda aliachiwa na Mzungu mmoja aliyepita kupima miamba. Ilikuwa na picha ya mlima mweupe wote, na watu wamevaa mbao ndefu miguuni wanateremka. Nilimuuliza wale wanakimbia nini. Akacheka, akasema hawakimbii kitu, wanacheza. Mzungu alimweleza kwamba kwao barafu inaanguka kutoka mbinguni, na msimu ukianza wapo watu wanaopanda asubuhi na mapema kuichokoa kwa fimbo, kisha wanatangaza njia ipi imefunguliwa na ipi bado. Watu wanasubiri tangazo hilo kwa hamu, wanakasirika likichelewa. Nikamwambia kumbe na wao wana mkwe kama wangu. Ila wale wanasubiri barafu ije, nikasema, na sisi tunasubiri maji yaondoke.

Sasa lazima niseme jambo la wanawake, maana bila hilo hutanielewa. Mwanamke alikuwa hapiti mwiba. Kuni unaruhusiwa kuokota nyuma ya mlima, majani unakata, lakini njia za maduara si zako, iwe zimefungwa au ziko wazi. Walisema dhahabu ikimsikia mwanamke inakimbia. Mimi hilo lilinikera tangu siku ya kwanza. Ikifika mjini inaning'inia shingoni mwa wanawake mwaka mzima, mbona huko haikimbii? Lakini kucheka nilichekea jikoni kwangu, sheria nikaifuata. Na kubwa kuliko zote ilikuwa kamba. Mwanamke akigusa kamba ya duara, hapo hapo kazi inakufa. Walio chini wote wanatoka, kamba inachomwa moto, anachinjwa mbuzi, na duara linapumzishwa mpaka wazee waridhike.

Halafu kulikuwa na la ukwe. Kwa Wakurya, mke na baba wa mumewe hawazoeani. Mimi nilikuwa sisimami naye njia moja, simtazami usoni, simpi kitu mkononi. Nilimwamkia shikamoo kwa mbali, nimeinamisha kichwa, naye aliitikia marahaba akiwaangalia ng'ombe. Neno langu likitaka kumfikia lilipitia kwa mume wangu, na la kwake vivyo hivyo. Kwa miaka yote niliyokuwa nimekaa kwenye boma lile nilikuwa naujua mgongo wake kuliko sura yake.

Ile mvua ya mawe ilikuja alasiri. Kwanza upepo ulikufa. Kuku wakaingia ndani wenyewe, na mbingu upande wa milima ya Tarime ikawa na rangi ya kijani kibaya, kama ya mchubuko unaoanza kupona. Kisha likaanguka jiwe moja juu ya bati, likafuatwa na jingine, na baada ya hapo hatukusikilizana tena. Nilimkumbatia mwanangu chini ya kitanda. Ilipokoma nilitoka nje na sikuijua nyumba yangu. Migomba ilikuwa imechanwa vipande, mahindi yamelala yote, na mlima mzima, kutoka kileleni mpaka kwenye mafiga yangu, ulikuwa mweupe.

Watu walicheka, nawaambia. Watoto walijaza midomo. Wanaume wazima walirushiana barafu kama vichaa, na yule mwenye duka alitoka akasimama kibarazani akiutazama mlima, akageuka akaitazama kalenda yake, akatikisa kichwa. Mimi sikucheka. Baridi ilikuwa inapanda kutoka ardhini, na kila kitu kilikuwa kimya mno, hata kijito hakikusikika. Mvua yote hiyo imeanguka na hakuna tone linalokwenda popote. Hicho ndicho kilichonitia hofu, na sikuweza kumweleza mtu kwa nini.

Kulipokucha, huku chini barafu ilikuwa imekwisha, imebaki topetope. Juu mlimani bado palikuwa na mabaka meupe kwenye vivuli. Baba mkwe alipanda na kamba yake, na wanaume wote wakaacha bao wakasimama kumtazama. Alikawia. Aliposhuka, alishika kile kishungi cha nyasi mkononi, akakiinua kila mtu aone. Kilikuwa kikavu. Kikavu njia ya chini, kikavu ya kati, kikavu hata kwenye duara la juu. Wanaume wakapiga mbinja. Wakaanza kuelezana kwamba mvua ya mawe ni bora kuliko ya maji, kwamba mawe hayazami, yanakaa juu ya ardhi yanakauka kama umande. Na yule mzee, ambaye maisha yake yote alifungua njia moja moja, asubuhi ile alisogeza miiba yote mitatu kwa mkupuo.

Simlaumu peke yake. Mvua ya kawaida ukiipima hivyo unaijua, kwa sababu maji yake yanakimbilia shimoni siku ile ile. Nyasi zake hazikuwahi kumdanganya. Barafu alikuwa hajaipima maishani mwake, na hakuna aliyewahi kuipima, ila kila mmoja alijitia mjuzi.

Wa kwanza kuingia duara refu baada ya mvua hupigiwa kura kwa vijiti, na kundi la mume wangu lilipata. Alikuja kunywa uji amesimama, macho yake yako kule juu. Nikamwambia yale si mawe, ni maji, yamelala tu, yakiamka yataenda wapi? Nikamwambia asubiri hata jua liwake. Nilimwomba, na mimi si mtu wa kuomba. Alinirudishia kikombe.

"Baba ameshusha nyasi, zimerudi kavu," alisema. "Wewe unataka nini tena?"

Akaenda. Nilimwona akipita kwenye mwiba na tindo yake begani, na sikupenda alivyokuwa anatembea haraka.

Jua lilipopanda niliishiwa maji. Kijito kilikuwa tope tupu, na nikakumbuka barafu iliyobaki kwenye vivuli kule juu. Nikamwacha mwanangu kwa jirani, nikachukua beseni, nikazunguka nyuma ya mlima kwa njia ya kuni, ambako mwanamke hakatazwi. Nilipanda mpaka nikatokea juu ya duara refu, kwenye mtaro. Mtaro ule ulichimbwa kukinga maji ya kileleni yasiingie shimoni. Unayapokea, unayazungusha, unayamwaga korongoni upande wa pili. Kwa miaka yote ulikuwa umefanya kazi yake.

Nikaukuta umejaa barafu mpaka ukingoni. Haikuwa ile ya kuchota. Ilikuwa imeshikamana na majani, mabua ya mahindi na udongo, ikawa ukuta mmoja mgumu. Na nyuma ya ukuta huo, pale ambapo barafu ya kilele ilikuwa inayeyuka na jua, maji yalikuwa yamesimama. Mengi, nyie. Ukubwa wa zizi, meusi, na vipande vyeupe vinaelea juu yake. Nilipoinama nilisikia ukuta ule unalia ndani kwa ndani, tik, tik, na upande wa chini yake udongo ulikuwa umeanza kulowa. Kutoka pale hadi kwenye mdomo wa duara hakuna kingine chochote, mteremko mtupu. Nikasikia sauti za wanaume kwa chini, na mlio wa tindo ukitoka shimoni, mdogo kabisa.

Beseni sijui lilikwenda wapi. Niliteremka mteremko ule kwa makalio na kwa magoti. Sikupita kwenye mwiba wala nini, nilitokea moja kwa moja pale ambapo sikutakiwa kuonekana, mbele ya wanaume waliokuwa wanazungusha gogo la kamba. Na aliyekuwa amekaa karibu kabisa na mdomo wa shimo, fimbo yake magotini, alikuwa baba mkwe wangu.

Aliniona. Kwa mara ya kwanza tulitazamana usoni. Kisha akageuka haraka, akanipa mgongo, kama heshima inavyotaka.

Nikauambia ule mgongo. Nikasema shikamoo baba, mtaro umeziba, umejaa barafu na maji yamesimama nyuma yake, ukuta unaachia, watoe watu. Nilisema yote hayo, na nilisema kwa sauti. Hakuweza kunijibu, mila ilimkataza, na nadhani aibu nayo ilimziba masikio: mke wa mwanawe yuko kwenye duara, mguu wazi, matope mpaka kiunoni. Akamwambia kijana aliyekuwa kwenye gogo, "Mura, mwambie mke wa mwanangu arudi nyumbani." Kijana akaniambia nirudi nyumbani, kana kwamba sikuwa nimesikia. Nikasema tena. Wanaume wakaanza kutema mate chini na kunung'unika kwamba nimelinajisi duara. Mmoja akaninyooshea jiwe. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho kutazama juu, na ilikuwa ni kuinua macho tu.

Hapo hasira zikanipanda. Nikisema hofu nitakuwa naongopa, hofu niliiacha mtaroni. Nilikuwa na mume chini ya ardhi na wanaume wazima juu ya ardhi wanaolinda adabu. Nikaona kwamba maneno yangu hayatamtoa mtu mle hata nikiyasema mpaka jioni. Lakini ilikuwepo sheria yao moja ambayo ingewatoa wote, bila mjadala, na niliijua vizuri.

Nikaenda nikaishika kamba. Kwa mikono miwili.

Yule mwenye jiwe alilidondosha. Baba mkwe aligeuka, akaiona mikono yangu, akainamia shimo na kutoa ukelele wa kuita watu wapande, kwa Kikurya, neno moja tu ambalo siku zote lilikuwa na maana kwamba duara limekufa. Tindo zikanyamaza kule chini. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, kwa vidato vilivyochongwa ukutani, na kila aliyetoa kichwa aliniangalia nimeng'ang'ania kamba ile, akanilaani. Mmoja alisema mambo juu ya mama yangu ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu. Nilimwacha aseme. Nilikuwa natafuta kichwa kimoja tu, nacho hakikuja. Wakatoka wote, na mume wangu hakuwa kati yao. Waliulizana, wakasema yuko mwisho kabisa, kwenye kona ya mwamba, amesema anakuja.

Nilidhani nimechelewa. Nilimwita mpaka koo likaota kidonda, na kumwita mume kwa jina mbele ya baba yake nayo ni aibu, lakini siku hiyo aibu zilikuwa zimekwisha zote. Mwishowe nikaona mkono, kisha kichwa, kisha yeye mwenyewe, na mfuko wa mawe mgongoni. Alikuwa hajauacha mfuko. Alisimama, akaniangalia mimi, akaiangalia kamba, akainua mkono kunipiga.

Hakunipiga, kwa sababu udongo ulitikisika. Hapakuwa na kishindo chochote kikubwa. Yalikuja maji meusi yanateremka na vipande vya barafu, yanagongana, yanasukuma mabua ya mahindi mbele yake, na yakaukuta mdomo wa duara na kuingia humo kwa utulivu, kama maji yanayomiminwa mtungini. Tulirudi nyuma. Yaliendelea kuingia. Kisha upande mmoja wa mdomo ukakatika, gogo la kamba likaenda, na kutoka chini ikaja sauti ya ukuta unaoanguka, kwa mbali, mara moja na tena mara ya pili. Tukasimama pale wote tumekauka, tukiangalia mahali ambapo watu walikuwepo muda si mrefu uliopita.

Wa kwanza kusema alikuwa yule aliyenitukania mama.

"Si mmeona?" alisema. "Ameshika kamba, maji yamekuja."

Na wote wakaitikia ndiyo. Wote, hao hao niliowatoa, na hewa ya shimoni bado iko kifuani mwao. Nilimtazama baba mkwe, au tuseme niliutazama mgongo wake, maana tayari alikuwa anapanda kuelekea mtaroni kwa kuchechemea. Alikaa huko. Nikamwona amesimama juu ya ule ukingo uliobomoka, akachokoa kwa fimbo yake kile kilichobaki cha barafu, akainama akashika, akakamua kiganjani. Nikajua sasa ameona, sasa atasema. Akashuka akatupita, akaketi na wazee wenzake na mwenye duka kando ya njia.

Wakajadili. Mwenye duka, Mungu amrehemu, aliuliza kwa upole wake kama si kweli kwamba maji yangekuja hata kama nisingekuwepo. Wakamwona mgeni wa mambo hayo, wakaendelea. Wazee walisema mke amekosa, atoe mbuzi na duara lisafishwe. Baba mkwe hakusema kuhusu mtaro. Hakusema kuhusu barafu. Alisema tu kwamba mbuzi atatoka kwenye zizi lake yeye mwenyewe. Watu wakamsifu, mkwe mwenye huruma kama huyo utampata wapi. Mimi nilijua malipo yale yalikuwa ya kosa la nani, na nilinyamaza, kwa sababu ningesema, mume wangu angejua kwamba baba yake ndiye aliyemfungulia kaburi. Mbuzi walimchinja siku hiyo hiyo. Niliwapikia mimi, na nyama yake nilikatazwa kula.

Jioni nilimwekea mume wangu ugali. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na hata nilikuwa nautaka. Alikula kidogo, akanawa, akakaa. Mtoto alikuwa amemlalia miguuni.

"Niliyasikia," alisema.

Nikamuuliza amesikia nini.

"Maji. Tangu tunashuka yalikuwa yanadondoka nyuma ya mwamba. Baadaye ukuta ukaanza kutoa jasho."

Nilidhani sikumwelewa. Nikamuuliza, kama aliyasikia, mbona hakutoka, mbona hakuwaambia wenzake.

"Jiwe lilikuwa limeanza kung'aa," alisema. Alisema bila ukali, kama anavyomweleza mtu ng'ombe amelala upande gani. "Ningewaambia wangekimbia, na kesho mzee angelaza mwiba. Ulivyoniita nilikusikia pia. Nilikuwa namalizia kona moja."

Nikamwambia una mtoto. Akasema najua. Akamwondoa mtoto miguuni polepole, akamfunika na khanga yangu, akasema duara lile halijafa, maji yanachoteka, na ile kona anaijua ilipo. Nilikaa pale na sufuria mapajani, na sikuwa na kamba nyingine ya kushika. Asubuhi nilipoamka ndoo yangu ya maji haikuwepo. Alikuwa ameichukua, ametangulia wenzake, anakwenda kulichota duara.